Mwezi Saba Si Mwezi wa Saba

Kosa lenyewe lilikuwa herufi mbili tu. Niliziandika mimi, kwa mkono wangu, kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani nyuma ya meza yetu: "Harusi ya Tasneem. Pweza kilo 20. Mwezi WA 7." Hilo neno "wa", Bi Mauza hakulitamka. Nililiongeza mwenyewe, na wala sikujua kama nimeongeza kitu.

Naitwa Scholastika, lakini Kariakoo nzima wananiita Skola. Nimezaliwa Jangwani, tukakaa huko mpaka mafuriko yakatutoa. Shule niliishia darasa la saba. Tangu hapo nimekuwa nyuma ya meza ya pweza ya Bi Siti, kona ya pili kutoka Mtaa wa Msimbazi, mbele ya duka la vitambaa la akina Bi Mauza. Kila jioni tunaweka sinia la vipande, bakuli la pilipili, vijiti vya kuchomea na sufuria ya supu. Wanaume wanasimama, wanachoma kipande, wanachovya, wanatafuna, huku wakitaniana kuhusu nguvu ambazo supu hiyo eti inawapa. Bi Siti hajawahi kuwakatalia. "Nguvu zipo," huwaambia. "Za kuamka asubuhi ukafanye kazi."

Miezi ya mwanzo nilimwona Bi Siti kama mtu anayebahatisha. Pale tumezungukwa na maghorofa pande zote, na taa za maduka zinawaka mpaka hujui saa ngapi. Mbingu tunayoiona juu haizidi upana wa khanga moja. Sasa yeye anakata pweza wake, hainui hata uso, anasema: "Kesho Feri watajaa. Bamvua imeingia."

Kesho yake naenda Feri, sokoni kwa samaki, kweli nakuta mabeseni ya pweza yamepangwa mpaka njiani.

Baada ya juma moja anasema: "Wiki hii tutauza supu nyepesi. Maji mafu." Naenda Feri, nakuta pweza watatu, wadogo, na watu kumi wanawagombea.

"Bi Siti, unajuaje na mwezi huuoni?"

"Kwani wewe unamwona mama yako saa hizi? Si unajua tu yuko wapi na anafanya nini?"

Alinifundisha kidogo kidogo, kisu mkononi, bila kuketi. Mwezi ukiandama, bahari hujaa sana na kukauka sana. Ukiwa mpevu, hivyo hivyo tena. Hiyo ndiyo bamvua. Maji yanarudi mbali, miamba inabaki wazi, na watu wa pwani wanatembea juu yake wakimtafuta pweza nyumbani kwake. "Pweza ni mtu wa nyumbani," alisema Bi Siti. "Hatembei ovyo. Wewe ndiye unayemfuata mlangoni, na mlango wake Mungu anaufunua mara mbili kwa mwezi." Mwezi ukiwa nusu, bahari inapoa. Haijai sana, haikauki sana, milango yote iko chini ya maji. Hayo ndiyo maji mafu.

Akanionyesha na mengine. Dagaa wanaadimika mbalamwezi ikitanda, kwa sababu wavuvi wa taa wanabaki nyumbani. "Nani atawasha taa yake ya betri ashindane na ile?" Kaa wa siku za mbalamwezi alikuwa hamnunui mpaka amempima kwa kiganja, akihofia kuuziwa ganda tupu lisilo na nyama. Na maji, alisema, hayarudi saa ile ile kila siku. Mwezi ukiandama yanakauka saa tano asubuhi, kesho yake yanachelewa, keshokutwa yanachelewa tena, robo tatu ya saa, wakati mwingine saa nzima. Alikuwa akihesabu kwa vifundo vya vidole, na mimi nikajifunza vifundo hivyo hivyo.

Nilikuwa namwangalia yule mama mfupi, magoti yamevimba, nasema moyoni: huyu amebeba bahari nzima kichwani na watu wanapita wanadhani anauza vitafunio.

Kitu kimoja tu nilikiona mwenyewe, na sikumwambia mtu kwa sababu nilidhani ni ujinga. Kunguru. Kuna jalala nyuma ya mtaa wetu, na kunguru wake ni wengi mpaka wanakunyang'anya andazi mkononi. Lakini kuna siku, kuanzia asubuhi mpaka mchana, jalala linabaki kimya, kunguru wanne, watano. Mimi nina tabia ya kuhesabu vitu. Nikawa naweka alama kwenye kalenda, nukta moja kwa siku ya kunguru wachache. Miezi mitatu ilipopita niliona nukta zimejikusanya mara mbili kila mwezi. Zilijikusanya kwenye bamvua. Jumapili moja, baada ya misa, nikatembea mpaka ufukweni maji yakiwa yamekauka, nikawaona: weusi chungu nzima, wanadonoa mchanga, wanageuza mawe. Kumbe na wao wanajua siku ambayo bahari imefungua chakula.

Basi. Mwezi wa tano, dada yake Bi Siti akaugua huko Mafia. Bi Siti akafunga mfuko wake, akanikalisha kwenye benchi la wateja.

"Skola, naenda kuuguza. Mwezi mmoja. Nikirudi nikakuta meza imesimama na jina langu halijachafuka, meza ni yako. Mimi magoti yamekwisha."

Akakaza fundo la mfuko.

"Ikishindikana, mpwa wangu Shomari anaitaka kona hii. Ataweka chipsi."

"Chipsi, Bi Siti?"

"Chipsi. Na usinipigie simu kuniuliza habari za pweza. Nipigie kunijulia hali. Ukiniuliza pweza, nitajua bado meza ni yangu."

Siku ya pili tu tangu aondoke, Bi Mauza akatoka dukani kwake, buibui lake linafagia baraza, simu sikioni, akazungumza na mimi huku akizungumza na simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Skola, harusi ya Tasneem mwezi saba. Pweza kilo ishirini, wa kupika nazi, wale wa Siti, laini. Wageni wa bwana harusi wanatoka Tanga, hao hawadanganyiki kwa pweza. Umesikia? Mwezi saba." Akageukia simu: "Naam, naam, nakusikiliza."

Nilisikia. Nikageuka nikaandika. Kwetu sisi, kalenda ni ile ya parokia, na mwezi wa saba ni Sabasaba, maonyesho na shule kufungwa. Nikasema hawa Waarabu wetu wanapenda kupanga mapema, nina muda wa kutosha. Nikaendelea kukata.

Siku zikaenda. Mwezi ukaandama, Feri wakajaa, meza ikachangamka. Nilijiona nimeiweza kazi.

Jumanne ile, jioni, Mazin akaja. Mazin ni kijana wa Bi Mauza, kaka yake Tasneem, ndiye anayesimamia duka. Kila jioni anakunywa kikombe kimoja cha supu akiwa amesimama. Siku hiyo akavuta benchi, akakaa.

"Skola, nipe supu, halafu nipe na godoro. Mimi nyumbani sirudi."

"Umefukuzwa?"

"Nyumba imejaa wanawake mpaka ngazini. Wanamsugua Tasneem singo tangu asubuhi. Liwa, karafuu, waridi. Nimekunywa chai, chai inanuka bibi harusi."

Jamaa aliyekuwa akichoma vipande pembeni akacheka. Mimi nikacheka pia, halafu kicheko kikaniishia mdomoni. Singo hasuguliwi mtu ambaye harusi yake ni baada ya miezi miwili.

"Singo mapema hivi, Mazin?"

"Mapema nini? Zimebaki siku nne! Jumamosi, mwezi saba. Na wewe ndiye wa kuuliza? Mama kila saa jina lako mdomoni. Pweza wa Siti, pweza wa Siti."

"Leo... leo mwezi ngapi?"

"Mwezi tatu. Skola, vipi, supu inamwagika."

Nikaweka upawa chini. Nikageuka kuangalia kalenda. Lile neno "wa" likawa limesimama pale kubwa kuliko harusi yenyewe. Miaka yote nimekaa na Bi Siti, namsikia akisema mwezi mbili, mwezi tano, mwezi kumi na nne, na nilijua kabisa anahesabu mwezi wa juu. Lakini Bi Mauza alipolisema neno lile lile kuhusu harusi, masikio yangu yakakimbilia ukutani.

Halafu likaja la pili. Mwezi saba ni mwezi nusu. Mwezi nusu ni maji mafu. Katika siku zote za mwezi, Bi Mauza amechagua siku ambayo pweza hapatikani.

Mazin hakujua kitu. Nilimpa supu yake, nikamwomba anitazamie meza kidogo, nikatembea mpaka mwisho wa mtaa, pale unapoanza kuteremka kuelekea Jangwani na mbingu inapofunguka. Adhana ya magharibi ilikuwa inaisha. Niliuona. Mwembamba, umelala kidogo ubavu, uko juu ya bonde lile lililotuhamisha, kama kucha iliyokatwa sasa hivi. Watu walikuwa wanapita na mizigo, bodaboda zinapiga honi, hakuna aliyeutazama. Na huo ndio uliokuwa umeshika harusi ya Tasneem, jina la Bi Siti na meza yangu, vyote pamoja.

Niliutazama mpaka woga ukapungua. Mwezi tatu. Bamvua inaondoka, lakini haijaondoka. Nikakunja vidole, nikahesabu vifundo. Kesho mwezi nne.

Simu ilikuwa mfukoni. Sikumpigia Bi Siti.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu nilikuwa Feri. Dalali wetu ni Hamis, kijana mwenye sauti ya kuuzia samaki mpaka ng'ambo ya maji.

"Skola wa skuli! Mambo?"

"Poa. Hamis, nataka pweza. Kilo ishirini mpaka Jumamosi."

Akacheka huku anamwaga maji kwenye meza ya mnada. "Jumamosi? Sista, Jumamosi maji mafu. Hata pweza wa kuchora hupati."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja leo."

"Leo nilikuwa na wawili, mpishi wa hoteli kashabeba. Bamvua imeshageuka. Jina Skola, na mahesabu huyajui?"

"Nimeishia darasa la saba."

"Inaonekana. Saba hiyo itakuua."

Hakujua jinsi alivyonichoma. Nilizunguka meza zote, nikapata nguru, changu, kolekole, ngisi. Ngisi nilimshika mkononi nikamfikiria kidogo, nikamrudisha. Watu wa Tanga hawadanganyiki.

Nikarudi Kariakoo mikono mitupu, nikakaa kwenye benchi letu ambalo asubuhi halina mtu. Nadhani nililia kidogo. Saa tano, saa sita. Ndipo nilipogundua kwamba nasikia vizuri sana. Nasikia cherehani ya fundi wa ghorofani, nasikia mtu anakwangua nazi. Kulikuwa na ukimya mahali fulani ambapo huwa hapana ukimya.

Nikaenda nyuma, kwenye jalala. Kunguru watatu. Na mmoja wao ana bawa bovu.

Sijui nieleze vipi nilivyofurahi. Kama kunguru hawapo, wako ufukweni. Kama wako ufukweni, bahari inakauka, tena inakauka vya kutosha kuwalisha. Nikakunja vidole tena, polepole. Mwandamo, saa tano. Mwezi nne, saa saba na ushei. Mimi nilikwenda Feri alfajiri kutafuta pweza ambao bado walikuwa chini ya maji! Wanaowafuata walikuwa hawajakanyaga hata mwamba. Wangekanyaga mchana, na pweza wangefika mjini saa tisa.

Nilimkuta Hamis anakula ugali kwenye kivuli cha banda.

"Sista, umerudi kunililia?"

"Hamis, pweza wanaotolewa mchana wanakuja mnadani?"

"Wa mchana? Hawafiki mnadani hao. Wachache, kila mama ana wateja wake mitaani."

"Wanapita wapi?"

"Watapita wapi, wana mabawa? Si kwenye pantoni hapo."

Nikamwachia ugali wake. Nikaenda kusimama pale abiria wa kutoka Kigamboni wanapoteremka. Pantoni ya kwanza ikaja, magari, baiskeli, wanafunzi. Hakuna. Ya pili, hakuna. Mlinzi akaniuliza namngoja nani, nikamwambia namngoja pweza, akaniacha kama watu wanavyomwacha mtu mwenye matatizo. Saa tisa na robo, pantoni ya tatu, akateremka mama mrefu, khanga imelowa mpaka magotini, miguu ina chumvi nyeupe, ndoo mbili, moja kichwani na moja mkononi. Kwenye mfuniko wa ile ya mkononi kulikuwa na mkono mmoja wa pweza umejitokeza, unapapasa hewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wamekwisha, hawa wana wenyewe Temeke."

"Sijawaona hata, mama, umeshanifukuza?"

"Macho yako yameshawanunua." Akatua ndoo ya kichwani apumzike. "Nani kakwambia nitapita saa hizi? Hakuna mteja anayenisubiri hapa."

"Kunguru."

Akanitazama. Nikamweleza. Nilimweleza na jalala, na nukta za kalenda, na vifundo vya vidole vya Bi Siti. Halafu, kwa kuwa nilishaanza, nikamweleza yote, harusi, kilo ishirini, Jumamosi.

"Harusi ya pweza mwezi saba!" akasema. "Nani huyo aliyepanga? Hana watu wa bahari kwao?"

"Yeye alisema mwezi saba. Mimi nikasikia Sabasaba."

Yule mama alinitazama tena usoni. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya mfuniko wa ndoo, mkono wa pweza ukarudi ndani wenyewe. "Sabasaba!" akasema. "Wageni wangekula banda la maonyesho!" Watu waligeuka kututazama. Akafuta machozi kwa pembe ya khanga. "Mimi naitwa Salma, natoka Mjimwema. Miaka yote nachokoa pweza, sijawahi kumsikia huyo wa Sabasaba. Chukua. Temeke nitawaambia bahari ilikasirika."

Tulipima palepale kwa mizani ya Hamis, ambaye alikuja akipangusa mikono, amekunja uso kwa mshangao. Kilo kumi na moja.

"Kesho nitaleta," Salma aliniambia, "lakini watakuwa haba, maji yanapungua nguvu. Na Ijumaa usinihesabu sana. Ijumaa nitalowa kifua kwa pweza mmoja."

Sasa pweza wa Jumatano atakaaje mpaka Jumamosi? Jirani yetu ni Athanas, anauza juisi ya ukwaju na barafu za ubuyu, ana friza kubwa lenye mlango wa kufunguka juu.

"Friza langu?" akasema Athanas. "Ubuyu wangu unuke pweza? Watoto wa shule watanipiga mawe."

"Nitawafunga mifuko mitatu mitatu."

"Na wakianza kutembea humo ndani?"

"Athanas, wamekufa."

"Huyo mmoja ananitazama."

Akanikubalia kona ya chini, upande wa kushoto. Na Bi Siti alishanifundisha: pweza aliyelala kwenye barafu huamka laini, haombi kupigwa sana. Kumbe hasara ya kusubiri ilikuwa na faida yake. Wale wa Tanga wangepata pweza laini kuliko wa siku ile ile.

Alhamisi, mwezi tano, Salma alifika saa kumi kasoro. Kilo sita, na wote wadogo kuliko wa jana. Nilipokuwa nawafunga niliweza kuona bahari ikijifunga mlango mmoja mmoja. Kariakoo kunguru walikuwa kumi na tisa. Ijumaa, mwezi sita, niliwahesabu zaidi ya arobaini, wanagombana juu ya jalala kama zamani, na Salma akateremka kwenye pantoni saa kumi na moja jioni, amelowa kifuani kweli, na pweza mmoja ambaye hata kilo moja hakufika.

"Nilikwambia," akasema. Alikataa kabisa nimchukulie ndoo, lakini alitembea na mimi mpaka barabarani. "Mwambie huyo bibi harusi, huyu wa leo nimemfuata mpaka chumbani kwake."

Zilikuwa zimepungua kilo mbili na kitu. Na mezani kwangu, kwenye barafu, walikuwepo pweza watatu wa kuuza jioni ile ya Ijumaa, ambayo ndiyo jioni yetu kubwa. Niliwaweka kwenye mizani pamoja na wale wa friza. Ishirini, na robo ya ziada.

Wateja walipokuja walinikuta naosha sinia tupu.

"Skola! Ijumaa bila pweza? Unatuua!"

"Acheni baiskeli, nendeni kwa miguu, mtapata nguvu."

"Bi Siti asingetufanyia hivi!"

Hapo niliinamisha uso nikasugua sinia kwa bidii. Nilikuwa na uhakika kwamba Bi Siti angefanya hivi hasa.

Jumamosi nikachemsha tangu alfajiri, sufuria mbili, na maji ya pweza yakawa mekundu kama juisi ya Athanas. Saa nne Mazin akaja kuchukua na kijitoroli cha dukani. Saa nane Bi Mauza akaniita nyumbani kwao, ghorofa ya tatu juu ya duka. Nilipanda zile ngazi zilizojaa viatu vya kike nikijua naenda kuambiwa kitu.

Alikuwa jikoni, dhahabu mkononi mpaka kwenye kiwiko na aproni juu ya gauni la hariri. Mbele yake sahani ya pweza wa nazi.

"Kaa. Mama yake bwana harusi ameniuliza pweza huyu nimemtoa wapi siku ya leo. Kwao Tanga, anasema, mwezi saba hawamtafuti pweza kabisa, wanakula kuku. Mimi hilo la maji sikulifikiria, nimezaliwa dukani. Nilichagua siku kwa sababu na mimi niliolewa mwezi saba." Akanikazia macho. "Umemtoa wapi?"

Ningeweza kunyamaza. Nikamwambia yote, kuanzia "wa".

Bi Mauza alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafungua dirisha la jikoni, akamwita Mazin aliyekuwa chini kwa sauti ambayo harusi nzima ilisikia: "Mazin! Mletee Skola kiti sebuleni, anakula na wageni!" Akanigeukia. "Na Maulidi nitakuhitaji tena. Mwezi kumi na mbili."

"Wa ukutani, mama, au wa juu?"

Akacheka mpaka bangili zikalia. "Wa juu! Kumi na mbili ya Mfungo Sita! Andika vizuri!"

Jioni, niliposhuka, mwezi nusu ulikuwa katikati kabisa ya ule upana wa khanga kati ya maghorofa. Nilikuwa sijawahi kuuona kutoka mezani kwetu, kwa sababu sikuwahi kutazama juu kabisa, utosini. Nusu iliyokatwa sawasawa, kama imepitishwa kisu cha Bi Siti.

Bi Siti alirudi mwandamo uliofuata. Dada yake alipata nafuu. Aliteremka kwenye bajaji akishikilia magoti, hakunisalimia hata, akaenda moja kwa moja kwenye kalenda. Niliacha kila kitu kama kilivyo. Neno "wa" nilikuwa nimelikata kwa mstari mmoja, sikulifuta.

"Hii ni nini?"

Nikamweleza. Alikuwa anasikiliza huku anakagua kisu, anaonja pilipili, anafunua sufuria. Nilipofika kwa kunguru akaacha kila kitu.

"Kunguru?"

"Nukta hizi, Bi Siti. Tazama. Zinajikusanya na bamvua."

Akazifuata kwa kidole, mwezi wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Kidole kilikuwa kinatembea polepole. Halafu akafanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya pale mezani. Akainua uso, akatazama juu, kwenye nyaya za umeme na vichwa vya maghorofa. Hakukuwa na kunguru hata mmoja.

"Miaka ishirini na mbili," akasema, "mimi nawafukuza tu."

Akazunguka meza. Nikadhani anakuja kusimama mahali pake, nikajisogeza. Lakini alipita, akaenda upande wa pili, akavuta benchi la wateja, akakaa taratibu, goti moja kisha la pili.

"Haya, mwenye meza," akasema. "Nipe supu. Na usinipunje, nimetoka safari."